Nguo za mazoezi zinafuliwa, zinakauka safi, ukivaa tu kikwapa kinarudi. Nyie mnafanyaje?

Mbio_za_Fuoni

Assalaam alaykum jamani. Nna suali la aibu kidogo lakini humu hatujuani kwa hiyo naliuliza wazi. Mie asubuhi nakimbia na jioni nakwenda jimu, nguo zangu karibu zote ni zile za poliesta, tisheti, bukta na taiti za ndani. Kila zikivaliwa zinafuliwa, si kwamba nazirejelea, zinafuliwa kwa mkono na sabuni ya mche, maji ya kisima maana mfereji kwetu unatoa pale unapotaka wenyewe. Zikikauka ukizinusa kwenye kamba hazina kitu, safi. Kasheshe ni ukishaivaa ukaanza kupata joto, hata jasho halijatoka sawasawa, ile harufu ya kwapa inatoka upya tena kali, na si mwili wangu maana siku hiyohiyo nikivaa fulana ya pamba sinuki hivyo. Jioni nikitoka jimu kuna siku magharibi inanikuta njiani, naona haya kuingia msikitini nikasimama bega kwa bega na watu.

Mama watoto anatia ile dawa ya kulainishia nguo yenye harufu ya maua, tena hana mkono wa choyo, na zikishakauka anazifukiza udi. Zinanukia mpaka mlangoni halafu basi. Jimu mmoja kaniambia nitie jiki, mwengine siki, mwengine kanambia zitupe ununue mpya. Tisheti ya maana pale Darajani si bei ya kutupatupa. Nani ana dawa ya kweli?

Shoga_Jangombe

Wa alaykum salaam. Hahaha udi juu ya kikwapa, hapo mnatengeneza harufu ya tatu ambayo haina mwenyewe. Mwambie wifi yangu chetezo akiweke kwa nguo za arusi. Udi hautoi kitu kwenye nguo, unaongeza tu. Sasa nkuulize kaka, ukitoka jimu zile nguo mbichi zinakwenda wapi? Kama zinalala ndani ya begi mpaka kesho mtu apate nafasi ya kufua basi jawabu unalo mwenyewe.

Mbio_za_Fuoni

Zinalala kwenye begi ndio. Usiku ule nani atafua tena.

Dobi_wa_Kaskazini

Nafanya kazi kwenye dobi ya hoteli huku kaskazini, nguo za jasho ndo riziki yangu, wageni wanakimbia ufukweni, vijana wa jikoni sare zao nusu poliesta, kwa hiyo ugonjwa huu naujua vizuri. Kwanza uelewe kitambaa chenyewe. Pamba inanyonya maji, ndo maana ukitoka jasho inakuwa nzito inakugandia, poliesta maji haiyanywi, inayapitisha tu nje yakauke upesi na ndo sifa yake inayouziwa, lakini mafuta inayapenda. Na jasho la kwapani si sawa na la kipajini, la kipajini ni maji na chumvi tu, la kwapani lina mafuta na vitu vyengine vya mwilini, na juu yake yapo mafuta ya ngozi yenyewe. Hayo yanajishika kwenye nyuzi, unapofua kwa maji ya baridi na mche unaondoa chumvi na vumbi, mafuta yamebaki palepale yanangoja. Nguo ikiwa kavu hainuki, ikipata joto la mwili na unyevu ndo inaamka.

Kwa hiyo usiipime nguo kavu, itakudanganya. Sisi kazini tunafanya hivi, tunalowesha lile kwapa kwa maji ya moto kidogo au tunalipitishia pasi ya mvuke, halafu tunanusa hapohapo. Kama harufu ipo utaipata, na ujue nguo haijafuliwa hiyo hata kama inanukia maua.

Sasa dawa. La mwanzo kabisa, acha ile ya kulainisha. Nnajua watu hawapendi kusikia hili kwa sababu nguo bila ile harufu wanaona haijafuliwa, lakini ile inafanya kazi kwa kupaka utando mwembamba juu ya nyuzi ili nguo iwe laini. Kwenye shuka au taulo sawa, taulo nalo likizidishiwa halifuti maji, ila kwenye nguo ya mazoezi ule utando unafunika mafuta na uchafu ndani, sabuni haifiki, na nguo inapoteza hata ile kazi yake ya kutoa jasho. Mkitia nyingi zaidi kwa sababu inanuka zaidi ndo mnazidi kuijenga harufu.

Halafu ugeuze nguo ndani nje, kila siku, uchafu wako uko upande wa mwilini si upande wa watu. Roweka kwenye siki nyeupe, kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vinne vya maji, nusu saa yatosha, suuza. Siki inavunja ule ugumu wa sabuni na wa diodoranti uliojazana kwapani. Hebu chukua tisheti yako ya zamani upapase pale kwapani na vidole viwili, pamekakamaa na panateleza wakati kifuani ni laini, ule si uzi, ni diodoranti na sabuni na mafuta vimekaa miezi. Pale tia tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile imetengenezwa kwa mafuta, fikicha na mswaki mkuukuu taratibu, acha kidogo, ndo ufue kwa sabuni ya unga. Na unga usome nyuma ya pakti, tafuta ulioandikwa una enzaimu, hizo ndo zinazokula mafuta na uchafu wa mwilini, zinataka muda na maji ya vuguvugu, saa nzima ya kuroweka si nyingi. Maji ya kuchemka hapana, yanaua hizo enzaimu na yanaua mpira wa taiti.

Maji ya vuguvugu msiniambie mpaka mtie sufuria jikoni. Mwenye tangi jeusi juu ya paa afungue mfereji saa tisa alasiri akaone.

Shoga_Jangombe

Dobi umesema kweli tupu ila hapo kwenye dawa ya kulainisha umetugusa wanawake wa mjini pabaya 😂

BintiMaweni

Niongezee kitu maana naona hakijasemwa, na kwetu huku Micheweni, Pemba, ndo kitu chenyewe. Maji! Kaka amesema anafua kwa maji ya kisima na sabuni ya mche. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na huko Unguja sehemu kubwa hali ni hiyohiyo, maji yanapita kwenye chokaa yanabeba chokaa. Utayajua tu, sabuni haitoi povu, birika linafanya magamba meupe ndani. Sasa mche ukikutana na maji hayo haufi tu ukanyamaza, unafanya utando mweupe unaelea kwenye beseni vipande vipande kama maziwa yaliyokatika, na ule utando unakwenda kukaa kwenye nguo. Mtu anaona povu hakuna anaongeza sabuni, utando unazidi, nguo inakuwa ngumu na ina rangi ya kijivu, na kila uchafu wa kwapa unajishika pale. Yaani unaweza ukafua kila siku ukawa unaongeza uchafu kila siku.

Mie navaa nguo ndefu za mazoezi mikono mpaka kiganjani na hijabu ya michezo juu, poliesta mwili mzima, kwa hiyo hili nimelihangaikia. Nilichokiona kinasaidia ni sabuni ya unga badala ya mche kwa hizi nguo, kwa sababu unga una vitu vya kupambana na chokaa, mche hauna. Ikiwa una mche tu, tia magadi kijiko kwenye beseni la maji kwanza uyaache yatulie, chokaa inashuka chini, unamimina maji ya juu ndo unafulia. Bibi zetu walifanya hivi bila ya kusoma popote. Na wakati wa masika kinga maji ya mvua, mapipa yote, maji ya mvua hayana chokaa hata chembe, sabuni kidogo tu povu mpaka linakuchosha kusuuza. Mie suuzo la mwisho la nguo za mazoezi ni maji ya mvua ikiwa yapo.

Kuhusu siki sikatai ila chupa kwa chupa kila wiki gharama, huku kwetu ndimu zipo za bure.

Maabara_kidogo

Dada BintiMaweni nakuunga mkono kwenye chokaa, tena siki yenyewe ndo inayoyeyusha ule utando wa chokaa, kwa hiyo kazi yake hapo ni mbili. Ndimu ni asidi pia itafanya, lakini ina sukari na nyuzinyuzi zake, chuja vizuri na suuza sana, isijekuwa unalisha wadudu walewale.

Maana harufu yenyewe inatoka kwa bakteria. Jasho likitoka mwilini muda uleule halinuki, ni bakteria walio kwenye ngozi wanaokula yale mafuta na mengine na wanachokitoa wao ndo kinachonuka. Sasa nguo nayo ina bakteria wake. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent kule Ubelgiji mwaka 2014 walitoa utafiti, waliwachukua watu 26 wakawapigisha baskeli ya ndani mpaka wakatota jasho, halafu zile tisheti zikafungiwa kwanza, kiasi cha saa 28, ndo zikanuswa na watu waliofunzwa kunusa. (Kuna kazi duniani ndugu zangu.) Poliesta ilinuka vibaya kuliko pamba, na walipochunguza wadudu wakaona wale wanaoitwa Micrococcus, ambao ni mahodari wa kutengeneza harufu, wamestawi kwenye poliesta na kwenye pamba hawakustawi hivyo. Kwa hiyo kaka wa Fuoni hujakosea pua yako, fulana ya pamba kweli inakusitiri zaidi.

Na hapo ndo linaingia begi. Joto la kwetu, nguo mbichi, imefungiwa gizani usiku kucha, bakteria wanazaliana muda wote huo. Ukifika nyumbani hata kama hufui, itoe, isuuze maji matupu, itundike. Dakika mbili hazifiki.

Ami_wa_Jezi

Hayo ya dakika mbili ndo jambo lenyewe wanangu, mengine yote mapambo. Mimi natunza jezi za timu hapa Chake, mechi Gombani au uwanja wa mtaani, jezi kumi na nane na bukta na soksi, mashine hakuna, ni mie na beseni na kijana mmoja mvivu. Zamani jezi zilikuwa zinatiwa kwenye gunia moja mechi ikimalizika, gunia linakaa kwa mwenyekiti mpaka mtu akumbuke, likifunguliwa watu wanakimbia. Nilipokabidhiwa mimi nimeweka sheria, mpira ukimalizika ndoo ya maji ipo pembeni ya uwanja, kila mchezaji anachovya jezi yake mwenyewe, anakamua, anatia kwenye beseni la wazi, hakuna mfuko wa plastiki. Jioni ile ile zinaanikwa hata kama hazijafuliwa bado. Kesho yake ndo zinafuliwa kwa raha zao. Hilo peke yake limeondoa sehemu kubwa ya harufu, sijatia siki wala nini.

Soksi zifueni peke yake jamani. Harufu ya soksi ikihamia kwenye jezi haina adabu.

Ila ndugu zangu mwenye jezi za namba za kubandika asifikiche na mswaki juu ya namba na asitie maji ya moto, namba zitanyanyuka. Kwapani tu.

Mbio_za_Fuoni

Mashaallah nimesoma yote. Basi tuseme nimeacha ya maua, nimeacha udi, na begi nimekoma. Mbili tatu sijaelewa. Moja, nikiroweka usiku kucha si bora zaidi kuliko nusu saa? Pili naona mtandaoni wanachanganya siki na bekin soda pamoja inatoa povu jingi, hiyo si ndo kali? Na jiki hamjanijibu, mtu wa jimu kasema jiki inaua kila mdudu.

Dobi_wa_Kaskazini

Usiku kucha kwenye maji hapana, hasa kama ni maji matupu au sabuni iliyokwisha nguvu, asubuhi unakuta beseni linanuka lenyewe, umewafugia wadudu bwawa. Na siki ikikaa muda mrefu haifai kwa mpira wa nguo.

Siki na bekin soda pamoja ni sinema tu. Moja asidi moja alikali, zinauana, lile povu ni hewa inatoka, kinachobaki kwenye beseni ni maji yenye chumvichumvi yasiyo na kazi. Ukitaka zote mbili tumia mbalimbali, leo siki, usuuze, halafu bekin soda kwenye maji ya kufulia. Kila moja peke yake ina faida yake.

Jiki sasa nisikilize vizuri na wengine wasome. Kwenye taiti na nguo yoyote inayovutika usitie, inakula ule mpira, nguo inalegea magotini na mapajani, na nyeupe yenye mpira badala ya kung'ara inageuka manjano. Nyeusi inafanya madoa ya rangi ya machungwa hayatoki tena. Lakini kubwa zaidi ya yote, jiki na siki WASIKUTANE kwenye beseni moja, wala jiki na ndimu. Inatoka gesi ya klorini, inachoma kifua na macho, na watu wetu wanafulia chooni mlango umefungwa na kidirisha kidogo. Hata ukiwa umesuuza siki vibaya halafu ukatia jiki, usijaribu. Kama unataka kitu cha kuua wadudu tafuta ile dawa ya madoa ya unga inayosema ni ya oksijeni, haina klorini, unaikoroga kwenye maji ya vuguvugu, rangi inabaki na mpira haudhuriki sana. Bei iko juu kidogo ila huitumii kila siku.

Shoga_Jangombe

Na jua je? Mbona hamulitaji jua. Mie mama yangu dawa yake ilikuwa ni jua tu, kila kitu juani, magodoro, mito, viatu, na watoto pia wakiwa wakaidi.

Ami_wa_Jezi

Jua la kaskazi saa saba unalianikia jezi? Utaila rangi yote. Nyekundu yangu imegeuka waridi kwa jua. Upepo ndo bora, kivulini penye upepo, poliesta kwa upepo wa kusi inakauka hata hujamaliza kikombe cha chai.

Maabara_kidogo

Nyote mna haki. Jua linaua bakteria kiasi, na kikubwa zaidi linakausha upesi, mdudu bila unyevu hana maisha. Lakini jua halitoi mafuta kwenye uzi, ndo maana kaka wa Fuoni nguo zake anazianika na bado zinanuka. Geuza ndani nje, jua la asubuhi, ukiona imekauka anua, usiiache siku nzima ikibabuka.

Tena mtenganishe harufu mbili, watu wanazichanganya. Ipo ya kwapa, na upo uvundo, ule wa nguo iliyochelewa kukauka. Uvundo hata nguo ya pamba unaupata, hata taulo, mkosaji wake ni bakteria wengine kabisa, mmoja maarufu anaitwa Moraxella. Masika ya kwetu, Machi mpaka Mei, nguo zinaanikwa ndani siku nzima hazijakauka, hapo hata ufue kwa sabuni ya mfalme utapata uvundo. Kamua sana, ikiwezekana izungushe kwenye taulo kavu uikamulie humo, itundike kwa hanga mbali mbali zisigusane, washa feni. Upepo wa feni unakausha kuliko joto la chumba kilichofungwa.

BintiMaweni

Na wale wanaokimbia pwani halafu wanaingia baharini na nguo zao, jamani suuzeni kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kabla ya yote. Chumvi ya bahari inavuta unyevu hewani, nguo yenye chumvi haikauki ikakauka, mtu anaianika inakuwa nyevunyevu mpaka kesho, halafu anasema uvundo umetoka wapi.

Kijana_Mkoani

Samahani wakubwa, je kama tatizo ni mtu mwenyewe na si nguo? Mimi diodoranti zinaniwasha. Bibi ananiambia nipake ndimu kwapani kabla ya kwenda mpirani.

Maabara_kidogo

Ndimu usipake ukatoka juani mdogo wangu, hasa ndimu. Maji ya ndimu kwenye ngozi ukikutana na jua kali yanaunguza, yanatoa malengelenge na baadae alama nyeusi inakaa muda mrefu. Mkono ukiwa juu unarusha mpira jua linafika mpaka kwapani. Tumia shabu, ile jiwe jeupe, inauzwa bei ya chini, ulowanishe kidogo upake baada ya kuoga kwapa likiwa safi. Watu wengi haiwawashi, ila usipake pale ulipotoka kunyoa. Na nywele zikipunguzwa jasho halipati pa kukaa. Koga na sabuni kabla ya mazoezi pia, si baada tu, wengi hili hawalifanyi, wanakwenda jimu na jasho la kutwa nzima la kazini halafu wanailaumu tisheti.

Kijana_Mkoani

Ahsante sana kaka. Bibi ntamwambia kwa adabu 😄

Ami_wa_Jezi

Mwambie bibi ndimu ni ya mchuzi wa pweza.

Mbio_za_Fuoni

Nimerudi. Nimefanya kwa tisheti zote na taiti moja, siki kwanza, sabuni ya vyombo kwapani, halafu sabuni ya unga kwa maji ya tangini alasiri, BintiMaweni nimetafuta na magadi nikayatuliza maji kwanza, nimeshangaa kuona ile chokaa imetulia chini ya ndoo, na haya ndo maji tunayofulia siku zote. Yale maji ya kwanza ya siki nilipoyamwaga yalikuwa ya kijivu, nguo ambazo nilikuwa nazihesabu safi. Nimefanya lile jaribio la Dobi la kulowesha na maji ya moto na kunusa, tisheti nyingi hazina kitu. Mama watoto kanusa pia, kakubali, ila hajafurahi kuhusu ile ya maua.

Kuna moja ya bluu, ya zamani, ya mbio za mwanzo kabisa nilizoshiriki, hiyo bado. Kwapa lile lile. Niirudie?

Dobi_wa_Kaskazini

Irudie mara moja, safari hii dawa ya oksijeni uiroweke saa mbili tatu kwenye maji ya vuguvugu, suuza, anika, ujaribu tena kwa maji ya moto. Mara nyingi hapo inatoka. Ikikataa tena usijichoshe, zipo nguo mafuta yameshaingia ndani ya uzi miaka, hazirudi, hata sisi na mashine zetu kubwa zinatushinda. Ikate kwapa zote mbili, iwe ya kulalia au ya kufutia baskeli.

Na hizo nyengine kila baada ya muda, tuseme mara moja kwa mwezi, zipitishe kwenye siki, siku za kawaida sabuni ya unga kidogo tu yatosha. Kidogo, usijaze, sabuni isiyosuuzika nayo inakuwa uchafu.

Shoga_Jangombe

Akate kwapa tisheti ya mbio zake za mwanzo! Dobi huna huruma.

Mbio_za_Fuoni

Dawa ya oksijeni nimeiona Mwanakwerekwe leo, pakti ndogo. Naijaribu kesho, mkasi mama watoto keshauweka tayari.